Matandiko ya Farasi Sebuleni Kwetu

Nilipoolewa, mume wangu alikuja na kitanda, redio na sanduku la nguo. Farasi hawakutajwa. Nilijua anafanya kazi kwenye farasi, kama mtu anavyojua kwamba shemeji yake anafanya kazi kwenye treni, bila kutegemea kukuta treni ndani ya nyumba.

Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kupanda. Mwenye farasi alikuwa mwanamke mzee wa Kibelgiji, mjane, aliyezaliwa hapahapa Katanga na kubaki kila mara wenzake walipoondoka. Watu wote walimwita Madame. Alikuwa na shamba nje ya mji, upande wetu wa Kasungami, na farasi wachache ambao watoto wa wenye uwezo walikuja kuwapanda siku za Jumamosi. Mume wangu aliingia pale akiwa kijana wa kukata majani. Siku moja Madame akamwona juu ya mgongo wa mnyama bila ruhusa, akaona anakaa vizuri, akaacha kumfukuza na kuanza kumfundisha. Mwishowe yeye ndiye akawa mwalimu.

Kwao hakuna aliyesumbuka na kazi hiyo. Babu yake aliletwa na reli kutoka kaskazini, baba yake akafa akiwa mtu wa reli, na farasi wakahesabiwa kuwa ni usafiri pia. Kwetu waliuliza zaidi. Sisi ni watu wa Kasai, wazazi wangu ni wa biashara, na baba yangu alitaka kujua farasi hao wanabeba nini. Mume wangu, wakati huo bado mchumba, alimwambia wanabeba watoto. Baba akauliza wanawatoa wapi na kuwapeleka wapi. Akajibiwa kwamba wanazunguka, kisha wanarudi palepale walipoanzia. Baba alikunywa bia yake mpaka mwisho, halafu akakubali ndoa.

Vitu vyenyewe viliingia nyumbani baada ya wezi kung'oa bati la ghala la Madame. Walichukua matandiko mawili na mikanda yote waliyoweza kubeba. Wakati ule mume wangu alimwona mwanamume kwenye kituo cha basi amefunga suruali kwa mkanda wa kikuku, kikuku ni kile chuma ambacho mpandaji anakanyagia, na matundu ya mkanda yalikuwa bado na namba zake. Alimfuata mpaka karibu na soko. Lakini hujui utamwanzaje mtu mbele ya watu umwambie avue mkanda wa suruali. Akarudi nyumbani na kuniambia kwamba Madame ameomba tumhifadhie yaliyobaki, muda kidogo tu, mpaka ghala litengenezwe.

Mvua zilianza, zikaisha, zikaanza tena.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Mimi ni mshonaji, na mashine yangu ilikaa chini ya dirisha la sebule kwa sababu ya mwanga. Ukuta wa pili ulikuwa wa kochi, na ukuta wa tatu niliutunza kwa ajili ya kabati la vioo ambalo nilikuwa nimeshalichagua. Mume wangu alitoboa ukuta huo wa tatu na kuingiza miti minene iliyochongwa mviringo, na kila mti ukabeba tandiko lake, moja juu ya lingine mpaka karibu na dari. Tandiko haliwekwi chini, wala halitundikwi kwenye msumari, kwa sababu linapinda, na likishapinda linamuumiza farasi mgongo. Nilielezwa hayo jioni ya kwanza kwa utulivu mkubwa, na mtu ambaye hakuwahi kuniuliza kama kiti changu cha kushonea kinaniumiza mgongo.

Kwa hatamu alipigilia makopo ya maziwa ya unga ukutani, matupu, kila kopo na hatamu yake, ili ngozi inayopita kisogoni mwa farasi ikae kwa duara la kichwa badala ya kukunjika. Makopo hayo nilikuwa nayaweka kwa ajili ya vifungo na nyuzi. Vyuma vya mdomoni vilining'inia chini yake, na mlango ukifungwa kwa nguvu vilikuwa vinalia kidogo.

Asubuhi alichukua tandiko la siku hiyo, akalilaza juu ya bomba la baiskeli, akaweka hatamu begani na kwenda. Jirani walizoea. Mtu anayeendesha baiskeli huku amebeba tandiko la farasi si kitu cha kumsimamishia barabarani. Utamuuliza nini?

Wageni walioingia ndani walikuwa na namna moja. Walikaa, wakatazama ukuta, kisha wakatazama mlango wa nyuma. Nilijifunza kusema mapema kwamba nyuma kuna bata tu. Mwenye nyumba hakuridhika na neno langu. Alikuwa amesikia mjini kwamba wapangaji wake wamefuga mnyama mkubwa, akaja amevaa viatu vizuri, akapita sebuleni mpaka uani, akachungulia nyuma ya choo, akarudi.

"Farasi iko wapi?" aliniuliza.

"Haiko."

"Kama haiko, hii yote ni ya nani?"

Nikamwambia ni ya farasi. Alisimama kidogo katikati ya sebule, akagusa tandiko la chini kwa kidole, akanusa kidole, akaenda zake. Mkataba haukusema lolote juu ya jambo hilo.

Kwa wateja wangu mambo yalikuwa mepesi. Mwanamke anayekuja kupimwa gauni anahitaji mahali pa kuweka mkoba, na vikuku vilikuwa kwenye kimo kizuri. Binti yetu, aliyezaliwa mwaka wa pili wa ndoa, alipofikia umri wa kukaa peke yake alikataa meza, akawa anakula bukari yake, ugali wetu, juu ya tandiko dogo la watoto, miguu ikining'inia, samaki mkononi. Shirika la Wakristo wa mtaa wetu lilipofika kwetu kwa zamu ya sala, msomaji wa Injili alikaa chini ya hatamu, na moja ilimgusa kichwani kila alipoinama. Alivumilia mpaka amina. Baadaye mwanamke mmoja akanivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu ana shida ambayo wangeweza kuiombea.

Nilikuwa nalalamika, sitaki kusema uongo. Wakati wa mvua ngozi ilitoka ukungu mweupe, na ilibidi kupangusa kila pembe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha sabuni, kisha mafuta, kidogo tu. Plastiki hairuhusiwi kwa sababu ngozi inatoa jasho. Mbabula, yaani jiko la makala, mkaa tunaopikia, hairuhusiwi karibu kwa sababu ngozi inapasuka, kwa hiyo nilipikia nje hata mvua ikinyesha, chini ya kipande cha bati, wakati matandiko yamekaa pakavu. Nguo za wateja zilianza kubeba harufu. Mtu mmoja aliyeshonewa suti ya harusi aliniambia kwamba inanukia kama gari jipya, nikashukuru. Kila mwezi nilimwambia mume wangu vitu hivi viondoke. Kila mwezi alijibu kwamba Madame anatafuta fundi.

Halafu akaanguka.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Alikuwa anamzoeza farasi mchanga, wa rangi ya kahawia, na mfuko wa plastiki ukapeperuka kutoka barabarani na kunasa kwenye ua. Farasi aliruka upande mmoja, yeye akaenda upande mwingine, akapiga nguzo. Mfupa wa paja ulivunjika, na nyonga nayo ikapata lake. Walimfanyia upasuaji, wakamtia chuma, na baada ya wiki kadhaa hospitalini wakaturudishia. Mlango wa chumba chetu cha kulala ulikuwa mwembamba na kitanda kilijaza chumba, hapakuwa na njia ya kumzungukia mgonjwa. Tukamlaza sebuleni. Kochi lilitoka, kitanda kikaingia, na kwa kuwa kichwa chake kililazimika kuwa upande wa dirisha, macho yake yalielekea ukuta wa tatu.

Hakusema kitu. Yeye si mtu wa maneno mengi, lakini hata machache aliyokuwa nayo yaliisha. Alikula nikimpa, alimeza dawa nikimpa. Binti yetu alimwonyesha michoro, akasema ni mizuri bila kuitazama. Mchana nilishona na yeye akatazama ukuta, na mashine ilikuwa ndiyo pekee inayoongea ndani ya nyumba.

Wageni wa kumpa pole walikuja wengi, na wote walikaa mahali ambapo waliweza kuona matandiko na mgonjwa kwa pamoja. Unaweza kumwona mtu anajumlisha. Wengine walisema wazi kwamba si vizuri kumlaza mtu mbele ya kitu kilichomvunja. Niliwaeleza kwamba kilichomvunja ni nguzo. Haikusaidia.

Kisha mama yake akafika kutoka Kambove. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, aliyezoea kutoa amri kwa sababu alilea watoto wake peke yake kwa kuuza chakula kwa wachimbaji. Aliingia na mfuko wa unga na dumu la mawese, akamtazama mtoto wake, akatazama ukuta, akaweka dumu chini.

"Hii njo iliangusha mutoto wangu," akasema, "na sasa inamuangalia analala. Tosha hii yote."

Nilikuwa nimeisubiri amri hiyo ya kuyatoa tangu yalipoingia. Nilitakiwa tu kusema ndiyo, mama. Hata mume wangu alinisaidia. Aligeuza uso kitandani, na hiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu tangu hospitali.

"Bazirudishe kwa Madame. Miye siko tena muntu ya farasi."

Nikasema, "Hakuna muntu ya kubeba."

Haikuwa kweli. Mtaa wetu umejaa watu wa kubeba, wenye mikokoteni, wanaokaa pale njia panda wakisubiri mtu awaite. Mama mkwe alijua na mimi nilijua kwamba anajua. Lakini nilisema hivyo, nikarudi kwenye mashine na kuendelea na mkono wa gauni. Sikuwa na sababu niliyoweza kumwambia mtu. Nilimwona tu akiwa amelala pale, na nikaona kwamba matandiko yakitoka hatabaki na kitu cha kutazama isipokuwa ukuta wenye matundu. Hakuwa amelia, hakuwa amekasirika, hakuwa ameuliza hata farasi yule yuko wapi. Mtu ambaye kwa miaka aliniamsha kwa sababu amesikia panya karibu na hatamu, sasa panya walipita mchana na hakugeuza kichwa. Niliogopa. Niliona kwamba nikikubali, tutakuwa tumekubali wote.

Mama mkwe aliuliza tena kesho yake, na siku iliyofuata. Kila mara nilijibu kwamba watu wa kubeba hawapatikani. Tulikaa namna hiyo, tukipeana heshima zote, tukipika pamoja nje chini ya bati, na sebuleni kila mtu akikwepa kutazama upande ule.

Mama mkwe si mtu wa kukaa bure. Baada ya kufagia uwanja wetu na wa jirani, kupanga upya sufuria zangu na kumfundisha binti yetu kukoroga bukari bila madonge, aliishiwa na kazi. Mimi nilikuwa nimetoka kupeleka nguo kwa mteja mjini. Niliporudi nilimkuta amesimama sebuleni juu ya kigoda, kitambaa mkononi, na matandiko yote yaliyofikika yanang'aa. Yalikuwa mekundu. Dumu la mawese lilikuwa wazi pale chini. Alikuwa ameona ukungu, akaona aibu kwamba wageni wataingia na kuona uchafu juu ya mtoto wake, na kwa kuwa vitu havitoki, akaamua angalau viwe safi.

Nilisimama mlangoni. Kitandani mume wangu alikuwa ameinuka kwa viwiko vyote viwili, jambo ambalo daktari alikuwa amemwomba afanye na yeye akakataa.

"Mama, nani alikuambia kutia mawese ku selle?"

"Mafuta ni mafuta."

"Hapana. Itaozesha nyuzi. Angalia mu chini, pale, ku mushono. Na bantu bataikala pale na suruali nyeupe."

Aliendelea. Aliongea kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia, juu ya ngozi na matundu yake, juu ya nyuzi, juu ya mikanda ambayo ikilainika kupita kiasi inakatika mtu akiwa juu, na kwamba panya wa Kasungami nzima sasa watakuja kula chakula cha jioni kwetu. Alikuwa na hasira ya kweli. Shingo yake ilikuwa imetoa mishipa. Mama yake alishuka kwenye kigoda, akakunja kitambaa, akaja mpaka mlangoni nilipokuwa.

"Akikasirika, anapona," akaniambia. "Tangu utoto wake njo vile."

Kisha akamgeukia na kumwuliza, kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona kwake, sasa mawese inatoka namna gani.

Ilitoka kwa taabu. Mume wangu aliongoza kazi kutoka kitandani, na ili aone vizuri ilibidi tumwekee mito mgongoni, na ili aonyeshe mshono ilibidi tumletee tandiko mapajani, upande wa mguu mzima. Tulitumia sabuni, maji ya uvuguvugu, vitambaa vyangu vya mabaki. Matandiko mawili yalirudia rangi yake. La tatu lilibaki jekundu na liko jekundu mpaka leo, na watoto wa Jumamosi wanagombania kulipanda. Wiki ile akaomba sindano nene na uzi, akashona mkanda uliokuwa umeachia. Wiki iliyofuata akaomba magongo.

Madame alikuja kumtazama wakati huo. Hospitalini alifika mara nyingi, na gharama alizishughulikia bila kelele, lakini kwetu hakuwa amewahi kukanyaga. Aliegesha gari mbali kwa sababu ya madimbwi, akaja kwa miguu amebeba maembe. Nikampa kiti na soda ya baridi. Anaongea Kiswahili chetu vizuri, cha zamani kidogo. Alimsalimia mume wangu, akamsalimia mama mkwe kwa mikono miwili, kisha akasema kwamba angependa pia kuona vitu vyake.

"Dépôt iko wapi?" akaniuliza, akitafuta ghala kwa macho.

"Uko mu ndani yake, Madame."

Aligeuka kwenye kiti. Alitazama miti, matandiko, makopo ya maziwa, kitanda, mashine ya kushonea, na mkoba wa mteja wangu mmoja uliosahauliwa kwenye kikuku. Alikunywa soda yake taratibu. Nadhani alikuwa amefikiria kuna chumba mahali fulani, banda, kitu chenye mlango wake. Kwa miaka yote hiyo mume wangu alikuwa amemwambia vitu viko salama, na kweli vilikuwa salama. Mwishowe akasema ngozi imetunzwa vizuri. Mama mkwe akamshukuru kwa niaba ya nyumba.

Fundi akapatikana mwezi huohuo. Ghala jipya lilijengwa kwa matofali, na mlango wa chuma na kufuli mbili, na gari la mizigo likaja kuchukua kila kitu. Mume wangu, kwa magongo yake, alisimamia upakiaji na kukataa tandiko lolote lilazwe juu ya lingine bila blanketi kati yake. Madame alimwachia moja, la kwake mwenyewe, lile alilojifunzia. Mume wangu alitaka kuliweka chumbani ili nisisumbuke. Nikamwambia liko vizuri palepale. Mama mkwe alirudi Kambove, na aliyoyasema kwa majirani zake kuhusu mkwe wake sikuyajua, isipokuwa kwamba alianza kuniletea unga kila anapokuja, na mawese hapana.

Ukuta ulibaki na matundu. Tuliyaziba na kupaka rangi, rangi haikulingana, na kabati la vioo lilipokuja lilikuwa fupi mno kuyafunika.

Mume wangu alirudi kazini na fimbo, akifundisha akiwa amesimama katikati ya duara, na ilionekana itakuwa hivyo sikuzote. Halafu siku moja ya Jumamosi akaniomba niende naye. Sikuwahi kufika. Farasi ni mkubwa kuliko tandiko linavyokufanya udhani, na anatoa joto kama mbabula. Yule wa kahawia alikuwa amekua. Mume wangu aliweka fimbo kwenye ua, akapanda juu ya sanduku, na Madame akamshikia kikuku. Alichukua muda kupitisha mguu mbaya. Sikutazama kando. Kisha alikuwa juu, na farasi akatembea, akazunguka ua wote kwa hatua za pole, akarudi palepale. Mume wangu akateremka akiwa ameloa jasho, akatafuta fimbo yake na kunijia.

Akaniuliza kama nimeona. Nikamwambia nimeona.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, polepole kwa sababu ya nyonga yake, na njiani tukanunua makala, maana yalikuwa yamekwisha.